Barua ni Nusu ya Kuonana: Safari ya Waraka wa Askari wa Uganda Katika Vita Kuu ya Pili

Wahenga walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Msemo huu tunautumia mara kwa mara bila ya kuupima uzito wake, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kukaa miaka mitatu au minne bila ya njia nyingine ya kumjua aliye mbali nasi, kama yu hai au amekwisha kufa, isipokuwa karatasi moja iliyokunjwa. Lakini wapo wananchi wa Uganda waliokaa hivyo. Katika makala haya tungependa wasomaji wetu wafuatane nasi, tuiandame barua ya askari mmoja wa wakati wa Vita Kuu ya Pili tangu ilipoandikwa mpaka iliposomwa. Askari huyo hatuna haja ya kumpa jina, maana mambo yaliyompata yeye yaliwapata wenzake kwa maelfu. Tutazame barua hiyo ilipita mikononi mwa nani, na ilipofika nyumbani ilikuwa imebakiwa na nini cha kusema.

Yafaa tuanzie hapa hapa kwetu. Mtu akiondoka mjini Kampala kuelekea mashariki, akaipita Luzira mpaka ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hufika bandari ndogo ya Port Bell. Tangu mwaka 1937 ndege kubwa za Waingereza, zile zenye matumbo kama ya mashua, zilikuwa zikitua juu ya maji mahali hapo. Zilitoka Southampton, zikaufuata mto Nile kwa kupitia Khartoum na Malakal, zikapumzika Port Bell, kisha zikaendelea Kisumu na Mombasa mpaka Durban. Zilichukua abiria wachache wenye uwezo, na magunia ya barua.

Italia ilipoingia vitani mwezi Juni mwaka 1940, njia ya ndege ya kupita juu ya bahari ya Mediterania ilikatika. Hapo safari za ndege hizo zikapangwa upya kutoka Durban, kupitia Afrika Mashariki na Cairo, hadi Bara Hindi, Singapore na Australia. Port Bell ikawa kituo kimoja katika njia iliyoizunguka nusu ya dunia, na waliokaa kando ya ziwa waliweza kuziona barua za ulimwengu zikipita juu ya vichwa vyao. Hata hivyo, barua nyingi za askari wa kawaida hazikupanda ndege hizo. Zilikwenda polepole, kwa reli na kwa meli, kama walivyokwenda askari wenyewe.

WATU 77,000

Yakadiriwa kwamba watu wapatao 77,000 waliandikishwa jeshini kutoka Uganda wakati wa vita hivyo, katika jumla ya watu zaidi ya 300,000 kutoka nchi za Afrika Mashariki. Walikuwamo Waacholi na Walango, Wateso na Waganda, watu wa West Nile na wa magharibi. Wengine waliingia katika vikosi vya King's African Rifles, ambavyo kwa upande wa Uganda vilikuwa na historia ndefu katika kambi ya Bombo, kaskazini ya Kampala. Wengine walikuwa madereva, wapishi, wauguzi, wapiga simu, mafundi na wachimba njia. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na kisiwani Bukini mwaka 1942. Maelfu yao pia walivushwa Bahari ya Hindi mpaka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na baadaye wakaingizwa Burma.

Askari wetu huyu alipanda gari la moshi, kwa kuwa reli ilikuwa imefika Kampala tangu mwaka 1931, akashuka Mombasa, akaingia melini Kilindini. Huko alikokwenda hakuruhusiwa kukutaja. Anwani yake ilikuwa namba yake ya jeshi, jina la kikosi, na namba ya posta ya jeshi. Mke aliyeachwa kijijini aliweza kumwandikia mumewe kwa muda wa miaka miwili asijue yuko nchi gani.

MKONO WA MWENZAKE

Shida ya kwanza ya barua hiyo ilikuwa kuandikwa. Askari wengi hawakuwa wamepata shule. Aliyetaka kupeleka salamu nyumbani alimwendea mwenzake ajuaye kalamu, au mmoja wa walimu wa Kikosi cha Elimu cha Jeshi la Afrika Mashariki, akakaa mbele yake akasema maneno yake, naye yule akaandika. Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya jeshi, na kila askari mpya alilazimika kujifunza kiasi chake. Hivyo zilikuwapo barua nyingi zilizofikiriwa kwa Kiacholi au Kiteso, zikaandikwa kwa Kiswahili cha kambini, zikafika katika nyumba ambamo Kiswahili hakikusemwa, zikafasiriwa tena.

Msomaji atambue maana ya jambo hili. Mtu anataka kumwambia mkewe kwamba amemkumbuka, au kwamba jana amemzika rafiki yake, au kwamba anaogopa. Maneno hayo inambidi ayaseme kwa sauti mbele ya mwanamume mwingine aliyeshika kalamu, pengine kijana mdogo kwake kwa umri, pengine mtu wa kijiji jirani ambaye kesho atayasimulia kwa wenziwe kando ya moto. Je, atasema yote? Hapana shaka kwamba mengi yalimezwa.

Ndiyo sababu barua za namna hii zilijaa salamu. Anayezijua barua za zamani za Kiswahili anaufahamu utaratibu wake: mwandishi huanza kwa salamu nyingi, husema kwamba yeye ni mzima na kwamba hofu yake ni juu ya walio nyumbani, kisha huwataja mmoja mmoja, baba, mama, wajomba, mashemeji, majirani, hata ukurasa ukaisha. Kijana wa leo akiisoma huona kwamba haina habari. Kwa maoni yetu anakosea, kwani habari imo ndani ya salamu zenyewe. Jina lililotajwa kwanza na jina lililosahauliwa yote yalikuwa na maana kwa aliyesikiliza. Na askari aliyeuliza mara tatu katika barua moja kama ng'ombe wako salama, huenda hakuwa anauliza habari za ng'ombe.

JICHO LA MKAGUZI

Barua ikisha kuandikwa haikufungwa. Kila jeshi lililokuwa vitani lilikuwa na wakaguzi waliosoma barua za askari na kufuta kila kilichoweza kumsaidia adui: majina ya mahali, ya meli, idadi ya watu, siku za safari. Hili lilikuwa jambo la lazima, na askari wa Uingereza nao walisomewa barua zao vile vile. Lakini kwa askari wa Afrika kazi hiyo ilikuwa na upande wa pili. Wakaguzi hawakutafuta siri za vita peke yake. Waliandika pia taarifa juu ya fikira za askari: wananung'unikia nini, wanawaonaje wakubwa wao, wanategemea kupata nini vita vikiisha.

Manung'uniko yaliyorudiwa katika taarifa hizo hayakuwa ya ajabu. Askari waliuliza kama sehemu ya mshahara waliyoikatia jamaa zao imefika au imepotelea njiani. Waliuliza habari za mashamba yaliyonyemelewa na majirani, za mahari, za watoto, na za wake walioachwa peke yao. Mtu aliyeko umbali wa maelfu ya maili, akisikia uvumi juu ya nyumba yake, hakuwa na la kufanya ila kuandika, na jibu lilikuja baada ya miezi. Kama jibu lilikuwa baya, au kama halikuja kabisa, ilimbidi aendelee kubeba bunduki yake na jambo hilo moyoni.

Yafaa tutoe mfano mmoja wa nchi nyingine ili tofauti ionekane. Mwezi Mei mwaka 1940 kijana mmoja wa Jeshi la Anga la Uingereza, Vivian Rosewarne, aliuawa pamoja na wenzake katika ndege yao. Miongoni mwa vitu vyake ilikutwa barua aliyomwandikia mama yake, apelekewe endapo yeye atakufa. Aliiacha bila ya kuifunga ili mkaguzi aipitie. Mkuu wa kituo chake aliisoma, akaguswa sana, akamwomba mama huyo ruhusa, na mwezi Juni mwaka huo ilichapishwa katika gazeti la The Times la London pasipo jina la mwandishi. Ilipigwa chapa tena na tena, na mwaka uliofuata ikatengenezewa filamu. Katika Jeshi la Anga, ambako rubani hakujua kama atarudi alfajiri, kuacha barua ya mwisho lilikuwa jambo la kawaida.

Askari wetu naye alikuwa na mama. Lakini barua ya mwisho huandikwa na mtu aliye peke yake na kalamu yake usiku. Ambaye maneno yake hukaa mkononi mwa mwenzake, huyo hana barua ya mwisho. Anazo salamu tu. Wote wawili barua zao zilipita mbele ya mkaguzi. Ya mmoja ikawa fahari ya taifa zima. Ya mwingine ikawa mstari mmoja katika taarifa ya siri juu ya hali ya mioyo ya askari wa Kiafrika.

MIAVULI YA KABAW

Mwezi Agosti mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia katika bonde la Kabaw, magharibi ya mto Chindwin nchini Burma, kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal. Ndani yake kilikuwamo Kikosi cha 4 cha King's African Rifles, kikosi cha Uganda. Ulikuwa wakati wa masika makuu. Njia ziligeuka tope la kufika magotini, magari yalizama, na malaria pamoja na homa ya kupe wadogo wa msituni viliwaangusha watu kama risasi zilivyowaangusha. Waingereza walikuwa wakiliita bonde hilo bonde la mauti.

Katika hali hiyo hapakuwa na gari wala punda wa kutegemewa. Jeshi liliishi kwa ndege. Marubani walipita chini ya mawingu kati ya milima, wakadondosha kwa miavuli vyakula, risasi na dawa kwa watu waliokuwa wakingoja katika uwazi mdogo wa msitu. Marubani wale na askari wale hawakupata kupeana mikono, na hata hivyo maisha ya hawa yalikuwa mikononi mwa wale. Na katika jeshi lolote, kikipita chakula na barua nazo hutafutiwa nafasi, kwa kuwa makamanda walikwisha kujua kwamba askari asiyepata habari za nyumbani huchoka upesi kuliko askari mwenye njaa.

Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni hiyo iliiteka Kalewa. Siku chache baadaye likatandazwa juu ya Chindwin daraja la vipande vya chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya namna yake duniani. Mambo haya yameandikwa vitabuni. Lakini askari aliyevuka hakuruhusiwa kumwandikia baba yake kwamba amevuka mto gani. Aliandika kwamba yeye ni mzima, na kwamba hofu yake ni juu yao.

MSOMAJI WA KIJIJINI

Barua ikafika Kampala, ikatengwa kwa masaza, ikapelekwa kwa mkuu wa gombolola au misheni. Hapo ikahitaji mtu wa kuisoma. Mke au mama hakujua kusoma. Basi aliitwa mwalimu wa dini, au karani, au mtoto wa shule. Watu walikusanyika. Yaliyosemwa kwa sauti mbele ya mwandishi kule Burma yalisomwa kwa sauti mbele ya kijiji hapa Uganda, na mwanamke yule akasikiliza maneno ya mumewe pamoja na majirani zake wote.

Naye kwa zamu yake alijibu kwa njia ile ile. Kama fedha hazikufika, ilimbidi alitamke jambo hilo mbele ya karani ambaye pengine ndiye aliyekuwa akizigawa. Kama shemeji yake alikuwa akimsumbua juu ya shamba, pengine shemeji huyo alikuwa amekaa hapo hapo akisikiliza. Basi mwanamke naye aliandikisha salamu, akawataja wote, akamaliza. Tusishangae basi kwamba wengi walipokutana tena mwaka 1946 walijikuta kama wageni. Walikuwa wameandikiana miaka yote ile, lakini hawakupata hata siku moja kuzungumza wakiwa wawili.

BARUA ZILIZOKOSA MWENYEWE

Zilikuwapo pia barua ambazo hazikumkuta mtu. Mapema mwezi Februari mwaka 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Walio wengi walikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora ya majini. Meli hiyo ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Watu 1,297 walikufa. Manowari za ulinzi ziliizamisha nyambizi hiyo siku hiyo hiyo.

Wakati wa vita habari kama hizo hazikutangazwa upesi. Kwa hiyo palikuwa na nyumba katika Afrika Mashariki ambamo watu waliendelea kuandikisha barua, kupeleka salamu, kuuliza afya, kwa mtu aliyekwisha kulala chini ya bahari. Na taarifa ya kifo ilipokuja, haikuja kama barua. Alikuja mkuu wa gombolola mwenyewe, akiwa na karatasi ya serikali. Watu walijifunza kuitambua ile hatua yake kutoka mbali.

ZIPI ZIMEBAKI?

Baada ya vita mwalimu mmoja wa Kikosi cha Elimu, Robert Kakembo wa Uganda, aliandika kijitabu kilichotolewa mwaka 1946 kwa jina la An African Soldier Speaks, yaani askari wa Afrika anasema. Humo alieleza bila ya kificho kwamba askari anayerudi si yule aliyeondoka, na kwamba atataka elimu na heshima. Yeye alikuwa na kalamu yake mwenyewe. Wenzake waliokuwa wengi zaidi hawakuwa nayo, na sauti yao ilibaki katika mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni majalada ya wakaguzi. Kila aliponung'unika, kila alipokasirika, kila alipouliza kwa nini mtu mweusi alipwe kidogo, mkaguzi alinakili maneno yake, na nakala hizo zimehifadhiwa hadi leo. Wanahistoria huzisoma na kutunga vitabu. Mahali pa pili ni masanduku ya bati yaliyowekwa chini ya vitanda vya wake na mama zao. Humo ndimo zilimokuwa barua zenyewe kamili, pamoja na salamu zote ambazo mkaguzi hakuona faida ya kuzinakili. Mchwa wamezila, mvua imezilowesha, nyumba zimechomwa na kuporwa katika misukosuko iliyoikumba nchi yetu miaka ya baadaye, na nyingine zimetupwa na wajukuu waliodhani ni karatasi kuukuu. Hivyo barua zilizohifadhiwa kwa sababu ya shaka zipo, na zile zilizohifadhiwa kwa sababu ya mapenzi zinapotea. Tukiziacha zipotee, watoto wetu watamjua askari wa Uganda kwa manung'uniko yake tu, wasijue alimsalimu nani.

Vita hivyo viliisha mwaka 1945, zaidi ya miaka 80 iliyopita, na waliovipigana karibu wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Makaburi ya baadhi yao yamo hapa hapa Kampala katika makaburi ya Jinja Road, na majina ya wengine yamechongwa Taukkyan, nje ya mji wa Yangon. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu jambo moja dogo. Mwenye sanduku la babu au la nyanya nyumbani, alifungue. Akikuta barua, asiibandike gundi wala asiifunge kwa plastiki. Aiweke pakavu, ndani ya bahasha safi, aipige picha, na amuulize mzee aliyebaki katika ukoo kila jina lililotajwa ndani yake ni la nani. Akipenda, nakala aipeleke kwenye Nyaraka za Taifa huko Wandegeya, au maktaba ya Makerere. Na asikate tamaa akiona kwamba barua ni salamu tupu kutoka mwanzo hata mwisho. Azisome kwa sauti, jina baada ya jina, kama zilivyosomwa siku ile zilipofika. Nusu ya kuonana ni hiyo.